Kilichomo Kabla Hujaongeza Kitu

Faili lilikuwa na baiti sifuri. Lililotangulia pia. Nilirudi nyuma kwenye orodha ya nakala za akiba, siku 19 mfululizo, na zote zilikuwa majina matupu: tarehe sahihi, kiendelezi sahihi, ndani hamna kitu. Diski ya seva ilikuwa imejaa pomoni. Kila usiku saa nane skripti yangu, orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe, iliamka, ikaunda jina jipya, ikashindwa kuandika hata herufi moja, ikalala tena.

Skripti hiyo niliiandika mwenyewe, mistari 23, nikaitumia miaka mitatu kwenye Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, bila kuigusa. Kazi yake ilikuwa nyepesi: fungasha saraka ya kazi zangu iwe faili moja, lipe jina la tarehe ya leo, kisha futa nakala zilizozidi siku 30. Nilipohamia seva ndogo yenye Alpine, mfumo mwingine wa Linux, niliinakili kama ilivyo. Linux ni Linux, nilijiambia. Ndani yake mlikuwa na mstari wenye `date -d '30 days ago'`. Amri ya `date` ya Debian huyaelewa maneno hayo na kukokotoa tarehe ya siku 30 zilizopita. Ile ya Alpine ina jina lilelile, ina `-d` vilevile, lakini lugha hiyo haiijui. Ilitoa kosa, tarehe ya mpaka ikabaki tupu, kila ulinganisho ukashindwa, na hakuna nakala hata moja iliyofutwa mpaka diski ikajaa. Kosa lenyewe liliandikwa kila usiku mahali ambapo sikuwa na mazoea ya kupaangalia. Lawama ni yangu, na kazi ya wiki mbili na ushei ilipotea.

Baada ya hapo niliamua kulielewa jambo hili hadi chini. Niliichukua skripti ileile nikaipitisha kwenye mifumo mitano huria ya ukoo wa Unix: Debian, Alpine, FreeBSD, OpenBSD na NetBSD. Kila mmoja niliusakinisha mtupu, bila kuongeza programu yoyote, kwa sababu nilitaka kujua mfumo unakupa nini kabla hujauomba chochote. Watu wakiilinganisha mifumo hii huzungumzia kerneli (kiini cha mfumo), kasi au sura ya skrini. Mimi naamini tabia ya mfumo huonekana kwenye vitu vidogo: `sed` ya kubadilisha maandishi, `date` ya tarehe, `tar` ya kufungasha mafaili, `awk` ya kuchambua maandishi, na ukurasa wa mwongozo unaofunguka ukiandika `man`. Hivyo ndivyo unavyovigusa kutwa nzima.

Jina moja, mikono mingi

Unix ilizaliwa Bell Labs mwaka 1969, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Miaka ya sabini Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilipata nakala yake na kuanza kuongeza zana za kwake. Bill Joy, akiwa bado mwanafunzi hapo, ndiye aliyeandika `vi`, zana ya kuhariri maandishi. Mkusanyo huo uliitwa BSD, na toleo la kwanza lilitoka 1978. Upande wa pili, Septemba 1983, Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU: mfumo mzima unaofanana na Unix lakini ulioandikwa upya, ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa. Watu wa GNU waliandika upya `ls`, `cp`, `sort`, `grep` na nyingine nyingi, wakaandika na kompaila yao, yaani zana ya kugeuza msimbo uwe programu inayoendeshwa. Walichokosa ni kerneli iliyo tayari. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akaitoa Linux, na pengo likazibika.

BSD nayo ilikuwa njiani kufika kwenye kompyuta za watu wa kawaida. William na Lynne Jolitz walitoa 386BSD mwaka 1992. Mwaka huohuo kampuni tanzu ya AT&T iliyomiliki Unix ikafungua kesi dhidi ya BSDi, kampuni iliyouza mfumo uliotokana na BSD, na chuo chenyewe kikaingia kwenye mgogoro. Walimalizana kwa maelewano mapema 1994. Kati ya maelfu ya mafaili yaliyobishaniwa, yaliyolazimika kuondolewa yalikuwa matatu tu. Kila nikikumbuka hesabu hiyo huwa napata uchungu kidogo, maana katika miaka ile miwili ya mashaka watu wengi waliotaka Unix ya bure walikwenda Linux na hawakurudi. NetBSD na FreeBSD zilianza 1993, kesi ikiwa bado mahakamani, na OpenBSD ikachipuka kutoka NetBSD mwaka 1995 chini ya Theo de Raadt.

Kwa hiyo ukiandika `ls` kwenye Debian, anayekujibu ni GNU. Ukiandika `ls` kwenye FreeBSD, anayekujibu ni mjukuu wa Berkeley. Na kwenye Alpine anayekujibu ni mwingine kabisa, ambaye nitamfikia.

Skripti yangu haikufika mbali kwenye FreeBSD. Ilikwama kwanza hapa:

`sed -i 's/^mwisho=.*/mwisho=leo/' kumbukumbu.txt`

Jibu lilikuwa kwamba `k` si amri inayotambulika. Nilikaa naitafuta hiyo k. Hapakuwa na amri yoyote ya k katika mistari yangu. Ndipo nikafungua mwongozo. Kwa `sed` ya GNU, `-i` inasimama peke yake na maana yake ni kubadilisha faili palepale lilipo. Ukitaka nakala ya zamani ibaki, unabandika kiendelezi kwenye `-i` bila kuacha nafasi. Kwa `sed` ya FreeBSD, `-i` lazima ifuatwe na kiendelezi, hata kama ni kitupu, ndiyo maana wenyeji huandika `sed -i ''`. Mimi sikukiandika. Basi ikayachukua maelekezo yangu ya kubadilisha maneno ikadhani ndiyo kiendelezi, kisha jina la faili ikadhani ndiyo amri. Herufi ya kwanza ya jina hilo ni k.

Aliyekosea ni nani? Kiwango cha POSIX, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988 ili mifumo hii yote isikilizane, hakikuwa na `-i` kwenye `sed`. Kila upande uliona ni jambo la manufaa, ukaliongeza kwa namna yake. OpenBSD ilipokuja kuliongeza baadaye ilifuata namna ya kubandika, kama GNU, hivyo hata ndugu wa damu hawakukubaliana. Nimekuta hadithi ya namna hii mara nyingi kiasi kwamba sasa nikiona opsheni tamu inayonirahisishia kazi, najiuliza kwanza imetoka wapi.

`date` ilinichosha zaidi. FreeBSD hutaka `date -v-30d`. OpenBSD haina `-v`. Huko unajikokotolea sekunde mwenyewe na kuzipa `-r`. Lakini `-r` hiyohiyo kwenye Debian maana yake ni kuonyesha faili fulani lilibadilishwa lini mara ya mwisho. Alpine hukubali sekunde kupitia `-d`, mradi utangulize alama ya `@`. Kisha nikafika NetBSD, nikaandika maneno yangu yaleyale ya Debian, siku 30 zilizopita, bila matumaini yoyote, na yakafanya kazi mara ya kwanza. NetBSD ina kisomaji chake cha tarehe zilizoandikwa kwa maneno. Sikulitarajia hilo kabisa.

Kuna na jambo la mpangilio, dogo lakini linalokera kuliko yote kwa mkono uliozoea. Kwenye Debian nina tabia ya kuongeza opsheni mwishoni, wazo likinijia nimeshaandika jina: `ls nakala -l`. Zana za GNU huzipanga upya opsheni popote ulipoziweka. Zana za BSD huacha kutafuta opsheni zikikutana na jina la kwanza, kwa hiyo `ls` iliniambia hakuna faili linaloitwa `-l`. Wiki nzima niliona kosa hilo. Baadaye nikaja kuliheshimu: ukijua kwamba kila kinachofuata baada ya jina la kwanza ni jina, si rahisi kutegwa na faili linalofuata lenye jina linaloanza na kistari.

Upande wa `awk` kulikuwa na zawadi. BSD hizi zote hutumia `awk` ya asili, ile ya Alfred Aho, Peter Weinberger na Brian Kernighan, ambayo herufi za majina yao ndizo jina lake. Kernighan mwenyewe ameendelea kuitunza, na miaka ya karibuni aliiongezea uwezo wa kusoma UTF-8, utaratibu wa kuhifadhi herufi za lugha zote. Debian kwa kawaida huja na `mawk`, ambayo ni nyepesi na ya kasi sana lakini huhesabu baiti. Jaribu neno ng’ombe lililoandikwa kwa kile kistari cha juu kilichopinda, kama programu nyingi za kuandikia zinavyokiweka zenyewe. Ukiomba urefu wake, `mawk` itakujibu 9, kwa kuwa kistari hicho kinachukua baiti tatu. `awk` mpya ya Kernighan itakujibu 7, kwa hesabu ya herufi. Anayechakata maandishi ya Kiswahili kwa skripti anapaswa kulijua hili mapema, kwa sababu ng’ zetu ni nyingi.

Alpine na programu yenye majina mengi

Mwanzoni niliikasirikia Alpine kwa ajili ya yale mafaili matupu. Hasira ilipoa nilipojua ndani yake kuna nini. Ukiangalia `/bin` na saraka nyingine zake za amri utaona mamia ya amri, na karibu zote ni viungo vinavyoelekea kwenye programu moja: BusyBox. Unapoita `ls`, BusyBox huangalia imeitwa kwa jina gani, kisha inatenda kama `ls`. Unapoita `date`, inakuwa `date`. Bruce Perens aliianzisha mwaka 1995 ili mfumo mzima wa kusakinishia na kuokolea Debian uenee kwenye flopi moja, ile diski ndogo ya zamani. Hebu fikiria ukubwa wa flopi. Ukiwa na nafasi hiyo, huwezi kuipa `date` kamusi ya maneno ya kibinadamu. Unaipa inachohitaji ili mashine iwake na irekebishike.

Alpine iliuchukua udogo huo ikaufanya tabia ya mfumo mzima. Badala ya maktaba ya C ya GNU inatumia musl, tangu 2014. Taswira yake ya msingi ya kutumia kwenye kontena, yaani kasha linalobeba programu pamoja na mahitaji yake, ni megabaiti chache tu, ndiyo maana imeenea kote kwenye ulimwengu wa kontena, mara nyingi bila mtumiaji kujua kwamba yuko juu yake. Na hapo ndipo wengi hukutana na nilichokutana nacho mimi: skripti iliyoandikwa kwa `bash`, mojawapo ya sheli (programu zinazopokea na kutekeleza amri), inafika mahali ambapo `bash` haipo. Sheli ya Alpine ni `ash` iliyo ndani ya BusyBox. Debian nayo, ingawa hukupa `bash` ya kuandikia amri, imeifanya `dash` kuwa `/bin/sh` tangu toleo la 6 la mwaka 2011. Skripti yenye `#!/bin/sh` juu na mbwembwe za `bash` chini inaweza kuanguka kwenye zote mbili.

Ningemshauri mtu aanze na Alpine kama mfumo wake wa kwanza? Hapana. Ningemshauri ajaribu skripti zake humo? Ndiyo, na afanye hivyo mapema.

OpenBSD, na maana ya kuwa na kila kitu mkono mmoja

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mtazamo wangu ulipobadilika.

Usakinishaji wa OpenBSD ni maswali ya maandishi. Unajibu, unabonyeza, baada ya dakika chache imekwisha. Nilipoingia mara ya kwanza nilikuta barua pepe ya kunikaribisha iliyonielekeza kwenye mwongozo uitwao `afterboot`, yaani mambo ya kukagua baada ya mashine kuwaka. Nikausoma wote. Kisha nikaanza kuhesabu kilichomo kabla sijaongeza kitu. Kulikuwa na `tmux`, ya kugawa terminali moja iwe kadhaa. Kulikuwa na seva ya wavuti, `httpd`, ambayo si Apache bali ni ya kwao wenyewe. Kulikuwa na seva ya barua, OpenSMTPD, na ya kusawazisha saa, OpenNTPD. Kulikuwa na PF, kichujio cha mtandao walichokiandika mwaka 2001 baada ya mzozo wa leseni kuwalazimu kukitupa cha awali, na ambacho kanuni zake mtu anaweza kuzisoma kwa sauti akaelewa. Kulikuwa na `doas` badala ya `sudo`, ya kutenda kwa mamlaka ya msimamizi, yenye faili la mipangilio ambalo kwangu lina mstari mmoja. Kulikuwa na kompaila, lugha ya Perl, na hata mazingira ya madirisha.

Na kulikuwa na OpenSSH, zana ya kuingia kwa usalama kwenye kompyuta iliyo mbali. Hii unayo hata wewe usiyewahi kusikia habari za OpenBSD. Kila ukiandika `ssh` kwenye Debian au FreeBSD, au kwenye terminali ya Mac, unatumia kazi yao waliyoitoa kwa mara ya kwanza na OpenBSD 2.6, Desemba 1999.

Kilichonishika zaidi ni mtandao usiotumia waya. Kwenye Debian kazi hiyo hugawanywa: `ip` kwa anwani, `iw` kwa redio, `wpa_supplicant` kwa nywila, na mara nyingi NetworkManager juu ya yote. Kila moja ina waandishi wake na mwongozo wake. Amri ya zamani ya `ifconfig` iliachwa nyuma, na tangu Debian 9 haiji tena kwa kawaida. Kwenye OpenBSD `ifconfig` haikuachwa, iliendelea kukuzwa. Mstari mmoja unaitajia jina la mtandao na nywila yake, mstari huohuo unauandika, pamoja na mwingine wa kuomba anwani, kwenye faili la `/etc/hostname.` linalomalizikia na jina la kifaa chako, na imekwisha. Mwongozo wa `ifconfig` unaeleza yote, kwa sababu aliyebadilisha amri ndiye aliyetakiwa kubadilisha na mwongozo. Kwao mwongozo usiosema kweli ni dosari ya kurekebishwa kama dosari nyingine yoyote.

Nguvu halisi ya utaratibu huo niliiona kwenye `pledge`. Chukua `wc`, zana inayohesabu maneno. Ikishaanza, haihitaji chochote zaidi ya kusoma mafaili na kuandika jibu. Haina haja ya mtandao, wala ya kuanzisha programu nyingine. `pledge`, iliyoingia mwaka 2015, ni ahadi ambayo programu huitoa kwa kerneli mwanzoni mwa maisha yake: kuanzia sasa nitafanya haya tu. Ikivunja ahadi, kerneli inaiua papo hapo. Kwa hiyo hata kama `wc` ina dosari, na mtu akaandaa faili la hila la kuitumia dosari hiyo, atajikuta ndani ya programu isiyoweza kwenda popote. Mwaka 2018 wakaongeza `unveil`, ambayo huificha sehemu ya diski ambayo programu haina shughuli nayo.

Linux ina kinga ya namna hiyo, inaitwa seccomp, tena ilitangulia: ilianza 2005. Lakini wanaoandika kerneli ya Linux sio wanaoandika `wc` ya GNU, na wanaoandika `wc` ya GNU wanataka ifanye kazi kwenye mifumo mingi. Kinga ipo na zana ipo, ila mara nyingi hazikutanishwi. Theo de Raadt na wenzake waliweza kubuni ahadi hiyo, kisha wakapita programu moja baada ya nyingine kwenye msimbo chanzo mmoja wakiziweka mstari uleule, mpaka mamia ya zana za kawaida kabisa zikawa zimefungwa. Hilo ndilo jambo ambalo jedwali la kulinganisha mifumo haliwezi kukuonyesha. Kwenye jedwali kila mfumo una `wc`.

Nisiifiche sura ya pili. OpenBSD haina Bluetooth; waliiondoa mwaka 2014 wakisema msimbo ule haukufaa. Mfumo wake wa mafaili ni wa zamani, na umeme ukikatika ghafla utasubiri ukaguzi wa diski. Sitauweka kwenye mashine inayotunza nakala zangu za akiba.

Kazi hiyo niliipa FreeBSD, na sababu ni mfumo wa mafaili uitwao ZFS. Ilibuniwa na kampuni ya Sun kwa ajili ya mfumo wake wa Solaris, ikafika FreeBSD 7.0 mwaka 2008, na leo kisakinishaji chenyewe hukuuliza kama unaitaka. ZFS huweka hesabu ya uhakiki kwa kila kipande cha data, hupiga picha ya hali ya diski kwa sekunde, na huweza kuituma picha hiyo kwenye mashine nyingine. Debian nayo unaweza kuiwekea ZFS, lakini leseni yake na leseni ya Linux zimeshindwa kukaa chumba kimoja, kwa hiyo inakaa nje ya mkusanyo rasmi na hukompailiwa upya kwenye mashine yako kila kerneli inapobadilika. Kwa kitu kinachoshika data yako yote, mimi napenda kiwe ndani ya nyumba. Na kwa kuwa nimeitaja FreeBSD: `tar` yake hufungua hata mafaili ya zip na ya ISO, kwa `tar -xf` ileile. Ukishaizoea, ile ya GNU inaonekana imekatika mkono.

NetBSD nitaipita haraka, si kwa kuidharau. Inajulikana kwa kukubali kuwaka kwenye mashine za kila aina, mpya na zilizosahaulika, na msimbo wake wote unaweza kukompailiwa kutoka kwenye Unix nyingine kwa skripti moja, `build.sh`. Mkusanyo wake wa programu za ziada, pkgsrc, ulioanza 1997, hufanya kazi hata juu ya Linux na macOS. Mimi nimebaki nikiipenda kwa ajili ya `apropos`. Kwenye mifumo mingi amri hiyo hutafuta kwenye vichwa vya miongozo tu. NetBSD ina SQLite, hifadhidata ndogo, ndani ya mfumo wa msingi, na `apropos` yake hupekua maandishi yote ya miongozo yote kisha kukupangia majibu kwa uzito. Nilitafuta neno la tarehe humo ndipo nikajua kile kisomaji chao kinatoka wapi.

Upande wa Debian

Baada ya sifa hizo zote, makala hii naiandika kwenye Debian. Kompyuta yangu mpakato inalala na kuamka vizuri, kadi ya picha inafanya kazi, na nikihitaji programu, Debian 12 ilikuja na vifurushi zaidi ya 64,000. Ian Murdock aliianzisha Agosti 1993 akiwa na wazo kwamba kazi ya kukusanya ni kazi halisi, inayostahili uangalifu sawa na kazi ya kuandika. Namwona mwenye Debian kama mhariri. Hakuandika `mawk`, wala `dash`, wala `vim`, lakini kuna mtu aliyeketi akahakikisha zinakaa pamoja, na zana iliyokuja bila mwongozo mara nyingi huandikiwa mmoja na watu wa Debian wenyewe.

Kukusanya kuna hatari zake, na Machi 2024 tuliiona moja. Mtu aliyejijengea imani kwa miaka ndani ya mradi wa xz, zana ya kubana mafaili, alipenyeza mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mlengwa alikuwa seva ya SSH. Lakini OpenSSH, kama inavyotoka kwa OpenBSD, haigusi maktaba ya xz. Iligusana nayo kwa sababu Debian na baadhi ya wengine waliiongezea kiraka ili iwasiliane na systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo, na maktaba ya systemd ndiyo iliyoivuta ile ya xz. Kila hatua peke yake ilikuwa na sababu nzuri. Andres Freund, mwandishi wa programu aliyekuwa akipima mambo mengine kabisa, aliona kuingia kwa SSH kunachelewa takriban nusu sekunde, akaifuatilia hiyo nusu sekunde hadi mwisho, na mlango ukagundulika kabla haujafika kwenye toleo thabiti la Debian. Kila nikisoma habari hiyo nawaza jinsi alivyokataa kuipuuza nusu sekunde, wakati mimi nilipuuza kosa lililoandikwa kila usiku.

Skripti yangu sasa ina mistari 14. Mahesabu ya tarehe nimeyaondoa yote. Nakala za zamani huzitafuta kwa `find` na `-mtime +30`, ambayo ni ya POSIX na inaeleweka vilevile kwenye mifumo yote mitano; kuzifuta ni `-exec rm {} +`. Badala ya `sed -i` naandika matokeo kwenye faili jipya kisha nalihamisha kwa `mv`. Opsheni zinatangulia majina. Juu kabisa kuna `#!/bin/sh` na `set -eu`, ili kigezo ambacho hakijawekwa kisimamishe kila kitu badala ya kupita kimya. Toleo la POSIX la mwaka 2024 limepokea mambo kadhaa yaliyokuwa ya kila mtu na lake, kama `find -print0` na `sed -E`, kwa hiyo huenda baadhi ya mizunguko hii nikaja kuifupisha.

Mstari wa 13 ndio niliouongeza kwa ajili ya yale majina 19 matupu: `[ -s "$faili" ] || exit 1`. Opsheni ya `-s` huuliza swali moja, kama faili lipo na lina kitu ndani. Niliijaribu Debian, Alpine, FreeBSD, OpenBSD na NetBSD kwa faili tupu la makusudi. Zote tano zilisimama palepale.